Sangara, Bakteria wa Tumboni na Moyo Uliochoka

Kwa miaka mingi vitabu vya sayansi ya samaki vilikuwa na kanuni isiyobishaniwa: trimethilamini oksaidi, ambayo wataalamu huiita TMAO, ni mali ya samaki wa maji chumvi. Humsaidia samaki kuhimili chumvi ya bahari, na akishakufa bakteria huigeuza kuwa trimethilamini, ile shombo ambayo mama muuza samaki yeyote anaijua. Samaki wa maji baridi hawana haja nayo. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, Lone Gram na wenzake waliokuwa wakichunguza jinsi samaki wa Ziwa Victoria wanavyoharibika wakakuta hadi miligramu 150 na 200 za TMAO katika kila gramu 100 za mnofu mbichi wa sangara na sato. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likaliingiza tokeo hilo katika mwongozo wake wa ubora wa samaki kama mfano ulioivunja kanuni.

Wakati ule habari hiyo iliwahusu wenye viwanda vya minofu na wakaguzi wao. Siku hizi inawahusu madaktari wa moyo. Kwa mkazi wa Mwanza, Misungwi au Sengerema, inabadilisha namna ya kuisoma nadharia inayotajwa sana pale bakteria wa tumboni wanapohusishwa na ugonjwa wa moyo.

Nadharia yenyewe ilizaliwa Cleveland, Marekani. Mwaka 2011 kundi la Stanley Hazen lilionyesha kwamba mtu akila mayai au nyama, bakteria wa utumboni huvunja kolini iliyomo na kutoa trimethilamini. Gesi hiyo hufyonzwa, huenda kwenye ini, ini huigeuza kuwa TMAO, na figo huitoa kwa mkojo. Miaka miwili baadaye wakaongeza kanitini ya nyama nyekundu: waliozoea kula nyama walitengeneza TMAO kwa wingi, na wasioigusa kabisa walitengeneza kidogo mno hata walipopewa kanitini hiyo hiyo, kwa kuwa bakteria wao walikuwa wengine. Mwaka huo huo wa 2013 walichapisha ufuatiliaji wa wagonjwa 4,007, na wenye TMAO nyingi ndio waliopata zaidi mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo. Mwaka 2014 ikaja zamu ya wagonjwa 720 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kufanya kazi sawasawa. Waliokuwa na TMAO nyingi zaidi walikuwa na hatari ya kufa ndani ya miaka mitano mara 3.4 ya wale waliokuwa nayo kidogo.

Takwimu hizo ni nzito na sina sababu ya kuzidharau. Ila mchukue mvuvi wa Kigongo aliyekula kipande cha sangara cha gramu 200 mchana. Kwa kipimo cha akina Gram, kipande hicho kinaweza kuwa na miligramu 300 hadi 400 za TMAO iliyokwisha kutengenezwa, isiyohitaji bakteria yeyote wa tumboni. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwalisha wanaume 40 wenye afya nyama ya ng'ombe, mayai, matunda na samaki kwa siku tofauti. Samaki alipandisha TMAO katika damu kwa kiasi kikubwa sana kuliko nyama au mayai, na ilianza kupanda ndani ya dakika 15, muda usiotosha chakula kufika kwa bakteria wa utumbo mpana. Tukipima damu ya mvuvi huyo jioni na kuilinganisha na viwango vya Cleveland, tutamwambia yuko hatarini. Hapo tutakuwa tumepima chakula chake cha mchana.

Na samaki si adui wa moyo. Katika tafiti nyingi za muda mrefu, jamii zinazokula samaki haziugui moyo zaidi ya nyingine, na mara nyingi huugua kidogo. Wanaoitetea nadharia ya TMAO wanalijua fumbo hili na wana majibu yao: kwamba mafuta ya samaki hufidia, au kwamba TMAO ya samaki hutoka mwilini haraka. Inawezekana. Mimi naona jibu lenye uzito zaidi liko kwenye figo.

TMAO hutoka kwa mkojo. Figo zikilegea, hubaki. Na moyo kushindwa ni miongoni mwa magonjwa yanayolegeza figo: damu haisukumwi ya kutosha, figo hupata kidogo, huchuja kidogo. Mgonjwa mwenye moyo uliochoka zaidi atakuwa na figo zilizochoka zaidi na TMAO nyingi zaidi, na atakufa mapema zaidi, bila TMAO kuwa imemgusa. Uchambuzi wa kijenetiki uliochapishwa mwaka 2019 ulielekea huko huko: ulikuta dalili kwamba kisukari na ugonjwa wa figo huongeza TMAO, na haukukuta dalili kwamba TMAO ndiyo inayoleta magonjwa ya moyo. Panya waliolishwa TMAO na mioyo yao ikadhoofishwa walizidiwa kweli, kwa hiyo mlango haujafungwa. Lakini kupima TMAO peke yake, bila kupima figo na bila kuuliza mtu alikula nini jana, kwa watu wa ziwani ni kupoteza damu.

Kuna tofauti nyingine inayosahauliwa kirahisi. Moyo kushindwa si ugonjwa mmoja, ni mwisho wa njia nyingi. Katika nchi tajiri njia kubwa ni mishipa ya moyo kuziba kwa mafuta, na TMAO ilianza kuchunguzwa kama kichocheo cha kuziba huko. Huku kwetu njia ni nyingine. Utafiti wa TaHeF, uliofanywa Muhimbili na Profesa Abel Makubi, aliyekuja baadaye kuiongoza hospitali ya rufaa ya Bugando, uliwafuatilia wagonjwa 427. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Asilimia 45 walifikishwa hapo na shinikizo la damu, asilimia 28 na ugonjwa wa misuli ya moyo, asilimia 12 na valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Mishipa iliyoziba ilichangia asilimia 9 tu. Utafiti mwingine, THESUS-HF, uliowahusisha wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulitoa picha hiyo hiyo: wastani wa umri miaka 52, presha ndiyo chanzo kikuu, na karibu asilimia 18 walikuwa wamefariki ndani ya siku 180. Hawa ni watu walio katikati ya maisha yao, wenye watoto shuleni. Swali la bakteria kwao haliwezi kuanza na mafuta yaliyoziba mshipa. Lianzie kwenye presha, na kwenye maji yaliyojaa mwilini.

Nianze na maji, kwa sababu hapo ndipo sayansi ilipo imara.

Mgonjwa anayepandishwa kilima cha Bugando, mara nyingi baada ya kuzungushwa kwenye zahanati mbili tatu na pengine kwa mganga, anafika akiwa amejaa. Miguu imevimba mpaka magoti, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Usiku anaegemea mito kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Ndugu wanasema tumbo limejaa gesi, hali chakula, akila vijiko vitatu vya uji anasema ameshiba. Hilo la mwisho hupita bila kuandikwa, nalo ni la maana sana. Moyo usiosukuma damu mbele huiacha irudi nyuma, ikajaa kwenye ini na kwenye mishipa ya utumbo. Ukuta wa utumbo nao unavimba, kama ulivyovimba mguu, ila hauonekani.

Mwaka 2007 Anja Sandek na wenzake wa Ujerumani waliupima ukuta huo. Kwa wagonjwa wa moyo kushindwa ulikuwa mnene kuliko kwa watu wenye afya. Utumbo mwembamba ulikuwa unapitisha vitu zaidi kwa asilimia 35, na utumbo mpana kwa asilimia 210. Bakteria nao walikuwa wamejibandika kwa wingi kwenye ute wa ukuta. Kinachovuja zaidi ni endotoksini, vipande vya ngozi ya nje ya bakteria. Kinga ya mwili ikikutana na vipande hivyo kwenye damu hujiwasha kana kwamba kuna maambukizi, na kemikali zake huudhoofisha msuli wa moyo. Moyo ukidhoofika zaidi, maji huongezeka; maji yakiongezeka, utumbo huvuja zaidi. Mduara huo ulikuwa umeshaonyeshwa mwaka 1999 katika jarida la Lancet, pale Niebauer, Anker na wenzao walipowapima wagonjwa waliovimba na wasiovimba. Waliovimba walikuwa na endotoksini nyingi zaidi, na walipopewa dawa za kutoa maji, endotoksini ilishuka.

Rudia hapo. Hawakupewa antibayotiki wala vidonge vya bakteria wazuri. Walikojoa tu, sumu ya bakteria ikapungua. Kwa hiyo uhusiano wa moyo na utumbo ulio na ushahidi bora kuliko wote unaanzia kwenye moyo kuelekea tumboni, na dawa yake ni furosemaidi, kidonge cha kukojoza kinachopatikana katika hospitali zetu. Utumbo uliovimba, kwa bahati mbaya, hukifyonza kidonge hicho polepole, ndiyo maana mgonjwa anayesema anameza dawa zake zote lakini bado anajaa huhamishiwa kwenye sindano, na sindano humfungulia mkojo. Ndugu huona ile ya kwanza ilikuwa dawa feki. Si feki.

Ukanda wa ziwa una mambo mawili yanayoutoboa utumbo hata kabla ya moyo kuugua. La kwanza ni kichocho cha tumbo. Wanaofua, kuoga na kuvua kwenye ghuba za ziwa hukipata tangu utotoni. Mayai ya minyoo hiyo hupenya ukuta wa utumbo ili yatoke na choo, na yanayopotea njia hukwama kwenye ini. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi Kenya waliripoti kwamba watu wenye kichocho walikuwa na endotoksini nyingi kuliko wasio nacho. Ini likishapata makovu, mayai hufika kwenye mapafu na kupandisha shinikizo la mishipa ya huko, na upande wa kulia wa moyo huelemewa. La pili ni VVU: virusi hivi huziangamiza mapema chembe za kinga zilizo kwenye ukuta wa utumbo, na tangu mwaka 2006 inajulikana kwamba mabaki ya bakteria hupenya kuingia kwenye damu ya wenye maambukizi, yakiiweka kinga katika mwako wa kudumu. Mvuvi wa miaka 45 mwenye presha, kichocho cha zamani na VVU ni mtu wa kawaida kabisa katika kliniki za kanda hii. Ukimkuta na sumu ya bakteria kwenye damu, usikimbilie kuulaumu moyo kabla hujampima choo.

Niongeze la damu. Makubi na wenzake walipochapisha tena mwaka 2015, wagonjwa 401, walikuta asilimia 57 wana upungufu wa damu na asilimia 49 wana upungufu wa madini ya chuma. Kawaida mtu huandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Jaribio la Marekani la mwaka 2017, wagonjwa 225, lilionyesha kwamba vidonge hivyo havikuwaongezea nguvu wagonjwa wa moyo kushindwa. Chuma kisichofyonzwa hubaki utumboni, na kuna bakteria wanaokipenda: watoto wachanga wa Kenya waliopewa uji wenye madini ya chuma, katika utafiti uliotoka mwaka 2015, waliongezeka bakteria wa kuleta maradhi na mwako wa utumbo. Watoto wachanga si wagonjwa wa moyo, najua, lakini ni sababu mojawapo ya kuitazama vizuri hoja ya wanaopendekeza chuma cha mshipani, ghali kama kilivyo.

Sasa presha na chakula, na hapa Afrika Mashariki ilitangulia dunia. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alikaa miongo kadhaa akishangaa asichokiona. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliona inafaa kuandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa jinsi lilivyokuwa jambo la nadra. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali hiyo hiyo, baadaye alianza kupima uzito wa choo na muda ambao chakula hukaa tumboni. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha hoja kwamba Mwafrika wa kijijini analindwa na nyuzinyuzi, yale makapi ya nafaka na mboga ambayo mwili hauyeyushi. Waliwahi sana. Walijua makapi yanasaidia, hawakujua nani anayatumia.

Anayeyatumia ni bakteria. Makapi yakifika utumbo mpana huchachushwa na kutoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati, butireti. Butireti hulisha na kuimarisha ukuta wa utumbo. Asetati na propionati huingia kwenye damu na kuzungumza na figo, mishipa na kinga. Francine Marques na wenzake wa Australia walizuia presha na moyo kutanuka kwa panya kwa kuwapa nyuzinyuzi au asetati, mwaka 2017. Mwaka 2023 wakawapa watu 20 wenye presha isiyotibiwa wanga wa mahindi uliotengenezwa uachie asidi hizo tumboni, na baada ya wiki tatu presha yao ya juu ilikuwa imeshuka kwa takriban milimita 6 za zebaki. Ni watu wachache na muda mfupi. Lakini 6 kwa unga ni jambo la kuheshimiwa, ukikumbuka kwamba uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu Mtanzania 1 kati ya 4 wa miaka 25 hadi 64 ana presha.

Karibu zaidi na sisi ni jaribio la Kilimanjaro lililotoka mwaka 2025, la Godfrey Temba, Quirijn de Mast na wenzao. Vijana 77 wenye afya waligawanywa: wa vijijini wakapewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, wa mjini wakapewa chakula cha asili, wengine wakanywa pombe ya mbege kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kizungu walipanda viashiria vya mwako kwenye damu na kinga yao ikalegea; waliohamia cha asili, na hata wa mbege, mwako ulishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo wiki nne baadaye. Wiki mbili tu. Sijui mahali pengine ambapo jambo hili limeonyeshwa kwa uwazi huo kwa chakula tunachokijua kwa jina.

Huku kwetu, simama njia panda ya Usagara, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ya Kigongo, ambayo tangu Juni 2025 inavuka ziwa kwa daraja la JPM. Basi likisimama, kinachopandishwa dirishani ni chips, mayai, soda na karanga. Kwenye nyumba za ndani zaidi bado wanasonga ugali wa udaga au mtama, wana michembe kwenye gunia, mlenda na majani ya kunde yaliyokaushwa. Sitaki kuusifia umaskini: ugali wa udaga bila mboga una wanga mwingi na si kingine. Ila mtu akitoka dona akaenda sembe, akatoka kunde akaenda soseji, bakteria wa butireti wamenyimwa chakula, na chumvi imeongezeka siku hiyo hiyo. Wanga uliopikwa ukapoa hugeuka sehemu yake kuwa mgumu kuyeyushwa na kuwafikia bakteria, kwa hiyo kiporo cha ugali kina hadhi kuliko tunavyodhani. Tahadhari moja kwa aliyekwisha kuugua: mgonjwa mwenye figo dhaifu anayemeza spironolaktoni, dawa inayobakiza potasiamu mwilini, asijaze mboga na ndizi kwa kusoma makala. Potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Amuulize daktari wake.

Wauzaji wa vidonge vya bakteria wazuri wamefika mijini, na hoja yao inavunjwa na Wahadza wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2014 watu 27 wa jamii hiyo walipochunguzwa, watu wazima hawakuwa na bifidobakteria, ambao ndio mapambo ya chupa nyingi za vidonge hivyo, na walikuwa na treponema ambao kwingine huogopwa. Walikuwa wazima. Bakteria mzuri ni wa mahali na wa chakula. Na jaribio kubwa kiasi la kuwatibu wagonjwa wa moyo kwa njia hii, GutHeart, lililoongozwa na Wanorwei na kuchapishwa mwaka 2021, liliwagawa wagonjwa 151 katika wa antibayotiki ya utumboni, wa hamira ya tiba na wa matibabu ya kawaida. Baada ya miezi mitatu nguvu ya moyo haikutofautiana.

Palipo na matokeo ya wazi ni kwenye dawa ya zamani, digoksini, ambayo bado inaandikwa kwa wagonjwa wa moyo katika hospitali zetu. Kuna bakteria, Eggerthella lenta, anayeivunja ikiwa tumboni. Takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupoteza sehemu kubwa ya dozi yake namna hiyo, na mwaka 2013 jeni zinazofanya kazi hiyo zilitambuliwa. Mwaka 1981 John Lindenbaum alikuwa ameshaonyesha upande wa pili: watu wa aina hiyo wakimeza erithromaisini au tetrasaiklini kwa siku tano, bakteria hupungua na digoksini kwenye damu inaweza kupanda hadi mara mbili. Erithromaisini ina njia nyingine pia ya kuipandisha, isiyohusu bakteria. Na antibayotiki hizi huuzwa kwenye maduka ya dawa ya kila senta, mara nyingi bila cheti. Digoksini ikizidi humpa mtu kichefuchefu, kutapika, kukosa hamu ya kula na mapigo ya polepole, na kabla hajaanza kuona vitu kwa rangi ya njano, nyumbani watasema ni taifodi na kumrudisha dukani kununua antibayotiki nyingine.